Kiti cha Kushoto cha Gari Langu

Gari langu lina viti viwili. Naanzia hapo kwa sababu kila mtu huanzia hapo. Fundi, trafiki, mchungaji, mama wa genge ninayenunua kwake nyanya pale Tunduma, wote wakichungulia dirishani wanauliza kitu kimoja: "Na nyuma?" Nyuma kuna injini. Wanacheka. Wanazunguka mbele, wanaomba nifungue boneti, nafungua, wanakuta shimo la kuwekea begi moja tu. Wanacheka tena, na mimi hasira zinanipanda, maana nimetoka mbali na gari hili na sikulinunua liwe kichekesho cha sokoni.

Cha kulia ni kiti changu. Cha kushoto kilikuwa cha mama yangu, na kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili hakuna makalio ya binadamu yaliyokigusa.

Kwetu Isansa, kwenye kahawa, mtu akinunua chombo cha moto hapandishi watu ovyo. Kinafikishwa nyumbani kwanza. Kaka yangu aliponunua pikapu aliileta moja kwa moja mpaka uani, mama akatoka na kitenge kipya, akapanda mbele, akazungushwa hadi kanisani na kurudi. Akashuka, akaweka mkono juu ya boneti, akaomba. Ndipo pikapu ikaanza kubeba mahindi, nguruwe na wagonjwa. Gari ambalo mama hajalikalia, kwetu wanasema, bado ni la dukani. Mimi sina desturi nyingi ninazozishika. Sinyoi nywele kwa ajili ya misiba, sili kwa mkono mbele ya wageni, na nimefika umri huu bila mume wala mtoto. Lakini hiyo ya gari niliing'ang'ania kwa meno.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Mzigo wa mtu ukifika mpakani, mimi ndiye ninayehangaikia karatasi zake mpaka uvuke. Nimevusha saruji, mafuta ya kula, vitanda, na magari. Hasa magari, yale tunayoyaita ya IT, yanayoshushwa bandarini Dar na kuendeshwa mpaka huku yakienda Zambia na Kongo. Yanapita mbele ya ofisi yetu kila siku, yamebandikwa karatasi kwenye kioo, vumbi la mikoa mitano limeyaganda, na mimi nilikuwa siyaangalii. Mpishi haangalii kila punje ya mchele.

Halafu siku moja likaja moja la chini.

Lilikuwa limebanwa kati ya malori mawili yaliyobeba shaba, na mwanzoni sikuliona kabisa, niliona tu watu wakiinama. Rangi yake ilikuwa kijivu cha wingu la Desemba. Milango miwili, mgongo umejikunja, matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele. Dereva wake, mwanamume mwembamba, alikuwa amevua viatu na kuviweka kwenye mfuko wa plastiki.

"Umeliendesha hivyo peku toka Dar?" nikamuuliza.

"Dada, humu ndani hata kukohoa naogopa."

Aliniruhusu niweke mkono. Lilikuwa bado na joto la safari. Nilizimaliza karatasi zake haraka kuliko siku zote, na lilipoondoka kuelekea Lubumbashi nikajuta kwa nini sikuzichelewesha. Nilisimama getini nikiitafuta sauti yake katikati ya honi za malori mpaka ikapotea. Macho hayana pazia, ndiyo. Ila hakuna anayekufundisha ufanye nini na moyo macho yakishamaliza kuona.

Watu walidhani nataka sifa. Waache. Nitasema nilichokitaka, kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu. Mimi ni mtoto wa kwanza. Nilibeba maji, nikabeba kuni, nikabeba ndoo za kahawa mbivu kutoka shamba la mtoni kwenda kwenye mashine ya kumenyea, nikabeba wadogo zangu mgongoni mmoja baada ya mwingine, na nilipokua nikapata kazi ya kubeba mizigo ya watu kwenye karatasi. Kila gari la ukoo wetu lilikuwa la kubeba. Lile la kijivu lilikuwa kitu cha kwanza nilichowahi kukiona ambacho ukikitazama tu unajua hakitabeba gunia la mtu. Nililitamani kama mtu anavyotamani kulala.

Bei sitaitaja, maana mama anasomewa kila ninachoandika. Niliuza kiwanja changu cha pale Mpemba, nikaagiza Japani kwa picha za mtandaoni kama tunavyoagiza wote, gari la Kijerumani lililotumika na kutunzwa, kijivu hichohicho. Nikangoja meli. Nilipokwenda kulichukua Dar nilivaa viatu vyepesi, na nilipanda mlima Kitonga nikiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo kwaya yenyewe ingenifukuza.

Tunduma si mji wa gari kama hilo. Nikikaa ndani, macho yangu yako sawa na nati za magurudumu ya malori. Foleni ya mpakani inapokuwa ndefu, wale jamaa wa Zambia wanakaa juu ya vichwa vya malori yao wakinisalimu kwa Kibemba chao, "Bamayo, mulishani! Gari limezama?" Matuta ya Vwawa na ya Mlowo nayapanda kwa ubavu, polepole, kama ng'ombe anayeogopa daraja, na nyuma yangu bodaboda wanapiga honi. Gari lenye nguvu za kuruka, linapitwa na baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Nilitukana sana miezi ile ya kwanza. Nikipiga magoti usiku ilibidi nianze kwa kutubu matuta.

Lakini kuna kipande cha barabara, ukishapita Nanyala, ambacho Jumapili asubuhi na mapema malori hayajaamka. Nilikwenda pale siku moja kabla ya ibada. Nikaangalia mbele, nikaangalia nyuma, nikakanyaga. Siwezi kueleza vizuri. Mgongo uliingia ndani ya kiti, miti ikawa ukuta, sauti ya injini ikanipita masikioni kwa nyuma, na kwa muda mfupi sana sikuwa dada wa mtu wala wakala wa mtu. Nikaachia. Gari likapoa, likatulia. Nikageuka kushoto kusema, "Umeona?"

Hapakuwa na mtu. Nilikaa pembeni ya barabara nikilia kama mjinga, taa za tahadhari zikiwakawaka, na sikuelewa kwa nini kitu nilichokitamani miaka yote hiyo kimefika na kutamani hakujaisha.

Turudi kwa mama. Siku niliyolifikisha gari Tunduma nilimpigia simu hata kabla sijanawa. Mama huongea nami Kinyiha. Kiswahili anakitunza kwa ajili ya wageni na ugomvi. Siku hiyo alianza kwa Kinyiha, akashangilia, akamshukuru Mungu kwa majina yote anayoyajua. Kisha akauliza, "Linachukua watu wangapi?"

"Wawili, Mama."

Nilidhani mtandao umekata.

"Wawili," akasema, na safari hii kwa Kiswahili. "Haya. Lilete nyumbani."

Penye nia pana njia, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwahi kuacha lami pale Mlowo kwenda kwetu na gari la chini. Nilijaribu mvua zilipokata. Mwanzoni vumbi tu. Mbele kidogo maji ya masika yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya barabara, nami nikawa natembea na tairi za upande mmoja ukingoni, na upande mwingine Mungu ndiye ajuaye. Jiwe likagonga tumbo la gari. Sauti ile niliisikia kwenye tumbo langu mwenyewe. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani akanikuta nimesimama, akanipita, akasema, "Pole, dada," bila kupunguza mwendo. Nikageuza kwa shida, nikarudi mpaka kwenye lami, nikapiga simu.

"Mama, barabara imenishinda. Nakutumia bodaboda akufuate. Utakaa kidogo tu, tutazunguka hapa Mlowo, utaomba, atakurudisha."

"Unataka nikakae kwenye gari barabarani kama mtu anayetafuta lifti?"

"Mama, wewe si kila gulio upo hapa Mlowo?"

"Naja kununua chumvi. Cha mwanangu nakipokelea kwangu. Lilete nyumbani."

Huyo ndiye mama yangu. Nimerithi kwake kila kitu ila unyenyekevu wake kanisani. Nilimwambia basi, haya, akae na ua wake. Nikakata simu, nikampigia tena kabla sijafika Vwawa kumwomba radhi, akanipa, na akarudia neno lilelile. Kila nilipompigia baada ya hapo, baada ya salamu na habari za kahawa na za magoti yake, lilikuja neno hilo. Lini utalileta? Na mimi kila nilipolipaki nyumbani kwangu Tunduma nilikitazama kiti cha kushoto, kisafi, hakina hata mkunjo, nikaona kama kuna mtu aliyenikasirikia akakataa kukaa. Nilitaka akikalie. Nilitaka aone kwamba mwanawe wa kwanza ana kitu kizuri kisichobeba gunia, na aseme ni sawa. Hilo tu. Mpaka aseme hivyo, gari lile lilikuwa bado la dukani, na mimi pia.

Palikuwa na mwanamume, mwalimu wa sekondari pale Vwawa, mgane mwenye kicheko cha polepole. Tulijuana kwenye harusi. Aliniomba siku moja nimpeleke Mbeya kwa gari langu, alisema hajawahi kupanda gari ambalo unalivaa. Nikamwambia kiti ni cha mama.

"Akishakikalia?"

"Akishakikalia, utakuwa wa kwanza."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, hakukasirika. Alipanda gari lake kuukuu akanifuata nyuma mpaka Mbeya. Tulikula chipsi kuku, tukacheka mpaka mhudumu akacheka, kisha tukarudi hivyohivyo, mimi mbele, yeye kwenye kioo changu, anakuwa mdogo kila nikisahau mguu kwenye mafuta, na kukua kila nikimngoja. Tulifanya hivyo kwa miezi. Watu wa Vwawa walitupa jina, msafara wa waziri. Mwisho akaniambia, kwa upole uleule, "Nimechoka kukujua kwa taa za nyuma." Nilimjibu vibaya. Nina mdomo, sikatai. Aliacha kupiga simu, na mimi nikaacha kungoja, angalau mchana.

Mama, asiyejua habari za mwalimu, kila nilipokwepa swali la ndoa alisema, "Mchagua jembe si mkulima." Sikumwambia kisa cha kiti. Ningemwambiaje?

Basi ikafika Julai ya mwaka uliofuata, kahawa imeiva, malori yanapanda vijijini matupu na kushuka yamejaa. Kuna dereva wa fuso ninayefahamiana naye toka zamani, mtu mzima mwenye kitambi na utani, anayechukua kahawa kutoka kwetu. Nilimkuta Mlowo anakunywa chai. Nikamlalamikia barabara, kama ninavyomlalamikia kila mtu.

"Si nakwenda tupu?" akasema. "Lipandishe juu."

"Umewahi kubeba gari?"

"Nimebeba ng'ombe, nimebeba jeneza, nimebeba kwaya nzima na vinanda vyake. Gari halipigi teke wala haliombi maji."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana niliona linawezekana. Pale Mlowo kuna tuta la udongo la kupakilia ng'ombe. Lori linarudi kinyumenyume mpaka sakafu yake inalingana na ardhi, ng'ombe anaingia kwa miguu yake. Na nyumbani lilikuwepo tuta kama hilo. Marehemu baba alilijenga kando ya zizi, na sisi watoto tulikuwa tunaliruka tukishindana. Tutapakia Mlowo, tutashusha uani kwa mama. Ilikuwa rahisi hivyo, na nilikuwa nimelia kandokando ya barabara bure.

Jumamosi iliyofuata mji mzima wa Mlowo ulikuja kuangalia. Dereva alitandika maturubai, akaniagiza niingie kwa kurudi nyuma ili kule tukifika nitoke kwa mbele kama bibi harusi. Nikaliingiza. Waliweka magogo mbele na nyuma ya kila tairi, wakafunga kamba, na mzee mmoja aliyeshika kuku wake wa kuuza akatikisa kichwa, "Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Gari limepanda gari."

Njia nzima nilikaa kwenye kichwa cha lori nimegeukia nyuma. Dereva alikwenda mwendo wa maiti, kwa maneno yake mwenyewe. Pale liliponishinda jiwe tukapita juujuu bila kulisikia. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nikawa nampigia mama simu kila kijiji: tumefika hapa, tumefika pale. "Napika," alijibu. "Njooni."

Tulipoingia uani, tuta halikuwepo.

Nilishuka nikazunguka nyuma ya zizi, nikadhani nimekosea upande. Zizi lenyewe lilikuwa limebaki nguzo mbili. Mahali pa tuta palikuwa na migomba, na migomba yenyewe ilikuwa na mikungu. Walilisawazisha walipouza ng'ombe. Krismasi ngapi nimekuja hapo, nikala, nikasinzia kwenye kochi, nikaondoka, sikumbuki kama niliwahi kutembea mpaka nyuma ya nyumba. Mtu wa hapohapo kwao kabisa ndiye anayeweza kufanya kosa la namna hiyo, mgeni angeuliza.

Majirani walikuwa wameshajaa. Vichanja vya kukaushia kahawa vilikuwa vimesogezwa ukutani kupisha gari. Mama akatoka, kitenge kipya, kilemba, raba nyeupe alizonunuliwa na kaka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," lakini macho yake yalikuwa juu ya lori. Nilimwona anaangalia kwanza kwenye kichwa cha lori, ndani, kama mtu anayehesabu. Kisha akaangalia gari.

"Mbona liko huko juu?"

"Halishuki, Mama. Tuta limevunjwa."

Mwaka na zaidi nilikuwa naambiwa lilete nyumbani, na nyumbani lilikuwa limefika, limesimama juu ya vichwa vya watu na hakuna anayeligusa. Dereva alishusha mbao za ubavuni pande zote mbili angalau lionekane vizuri. Watoto walishangilia. Mama alilizunguka lori taratibu, akirudi nyuma na kunyanyua kidevu kuliona. Akaniangalia mimi nilivyosimama, mikono imening'inia.

"Leteni ngazi ya maparachichi," akasema.

Nikamkatalia. Dereva akamkatalia. Aliongea Kiswahili, tukaacha kubisha. Ngazi ikaegemezwa, watu wawili wakaishika, dereva akapanda nyuma yake akiwa amenyoosha mikono bila kumgusa, na mama yangu, mwenye magoti ninayoyasikia kwenye simu kila wiki, akapanda. Mimi nilikuwa nimetangulia juu, nikamfungulia mlango wa kushoto. Kiti kiko chini mno, ilibidi ajiachie kama anayekaa kigoda. Akavuta miguu ndani mmoja baada ya mwingine. Akapangusa viganja kwenye kitenge kabla ya kugusa kitu chochote.

Nikazunguka nikakaa upande wangu. Nikafunga mlango. Nikasikia kimya kile cha magari mazuri, kelele za uani zikaenda mbali.

"Nifunge huo mkanda," akasema. Nikamfunga.

Dereva akagonga kioo. "Mama, tukuzungushe mpaka kanisani?"

"Si ndiyo desturi?"

Hivyo tulizungushwa. Lori lilikwenda polepole kwa mbele na sisi juu yake tumeangalia nyuma, ndani ya gari lililozimwa, usukani mikononi mwangu hauna kazi. Kutoka pale juu tuliona kila kitu tulichokuwa tunakiacha: paa la nyumba, kahawa imeinamia chini kwa uzito, kaburi la baba na msalaba wake wa saruji, majirani wakitufuata kwa nyimbo, na mbali kabisa barabara ya lami yenye malori madogo kama punje. Mama alipunga mkono kwa kila mtu. Alicheka mara moja, kicheko cha msichana, jirani mmoja alipovua kofia. Kanisani lori lilipogeuza, akaweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho akaomba. Aliomba kwa Kinyiha, muda mrefu, na nilisikia jina langu humo mara nyingi kuliko neno gari.

Tuliporudi uani watu wakasogea kwenye chakula. Lori likazimwa. Mama hakushuka.

"Hiki ndicho kiti changu?" akauliza.

"Ndicho."

"Hajakikalia mtu?"

"Hajakikalia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama. Nilikuwekea wewe." Nilisema kwa majivuno. Nilidhani hiyo ndiyo zawadi yenyewe, na kwamba sasa atanishika mkono.

Akageukia dirisha lake. "Desturi ni ya siku moja. Gari linakuja, mama anakaa, anashuka, watu wanapanda. Nani alikwambia mtu anangoja mwaka?"

"Wewe ndiye uliyesema nililete nyumbani."

"Nilisema." Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. "Unajua nilikuwa nangoja nini?"

"Gari."

"Gari la nini kwangu, mimi mzee? Uliponiambia viti viwili nilisema, haya, amempata mtu mmoja, basi, na huyo mmoja anatosha. Nilisema atamleta. Kila ukipiga simu nasema, lilete nyumbani, ili lisimame hapa uani, mlango wa huku ufunguliwe, nione ni mguu wa nani unatangulia kutoka. Leo nimepika wali wa mtu mmoja zaidi."

Nilitazama mbele kupitia kioo. Chini watu walikuwa wananawa mikono. Nilimfikiria mwalimu wa Vwawa, akiwa mdogo kwenye kioo changu, akikua, akiwa mdogo. Nilimtamani pale pale, wazi, kwa uchungu kuliko nilivyowahi kulitamani gari lolote, na mama yangu ananiona.

"Yupo?" akauliza taratibu.

"Alikuwepo."

Akaitikia kwa koo, ile "mmh" ya kwetu isiyohukumu. Akanishika mkono sasa, ule wa kushoto, akaubonyeza kwenye goti lake bovu. Tulikaa hivyo mpaka dereva akaita kwamba wali unapoa.

"Gari ni zuri," mama akasema. "Na wewe umelipata kwa jasho lako, limebarikiwa, lipande. Mimi nimeshakaa. Anayekuja baada yangu usimwambie asubiri."

Akajifungua mkanda mwenyewe. Nikatoka, nikazunguka kwenye sakafu ya lori nikishikilia gari nisidondoke, nikafika upande wake. Walioishika ngazi walikuwa wamerudi, wanatuangalia. Nikafungua mlango wa kushoto. Mguu uliotangulia kutoka ulikuwa wake, kwenye ile raba nyeupe, ukipapasa hewani. Nikachuchumaa, nikaushika kwa mikono miwili, nikautafutia ngazi.